Mizunguko Mitatu na Kidole Gumba

Niseme mapema ili mtu asije akanishangaa mbele: mimi na wifi yangu Irine hatukupatana upesi. Mimi naitwa Ikupa, mtoto wa Bendera, kule chini kwenye joto. Baba yangu alitoka Mbeya kuja kukata mkonge, akanilea katika nyumba za mstari za shamba, na mambo ya mlimani hakuna aliyenifundisha. Nikaolewa Myamba na Hezroni, kaka yake Irine, nikapanda juu na sanduku moja na sweta la kuazima. Siku ya tatu mama mkwe wangu, Bi Eliakunda, akanikabidhi ungo wa maharage. Nikapepeta kama tunavyopepeta kwetu, kurusha juu na kupuliza. Akanitazama weee, kisha akasema kwa upole ule unaouma, "Mwanangu, hayo ni maharage, hayana haja ya kufukuzwa."

Kwa Bi Eliakunda ungo una taratibu zake. Unarusha mara mbili, makapi yanaruka. Halafu unaushusha usawa wa tumbo, unauzungusha polepole kuelekea kulia, mara tatu, mpaka takataka zilizobaki zijikusanye katikati. Mzunguko wa tatu ukiisha unagonga ukingo kwa kidole gumba, mara moja tu. Hapo unaokota uchafu wako kwa vidole viwili, kazi imekwisha. Irine aliyajua hayo kabla hajaanza shule. Mimi huu ni mwaka wa kumi na mbili na takataka zangu bado zinakwenda zinakotaka.

Ndiyo maana nilimwonea wivu, sitaficha. Kila nikishika ungo nilisikia, "Irine angekuwepo." Irine mwenyewe alikuwa Moshi, ameajiriwa katika maabara ya utafiti, na Krismasi anakuja na mikate na mafuta ya kupaka, anasifiwa, anaondoka. Huku nyuma nabaki mimi na tangawizi ya Hezroni na matope.

Watu wa Myamba wakisikia maabara wanajua ni kupima malaria na choo. Irine hapimi mtu. Irine analea seli. Siku ya kwanza aliponiambia hivyo kwenye simu nilimjibu, "Wifi, mimi nalea mtoto, nalea ng'ombe, nalea na mama yako. Wewe unalea seli?" Akacheka. Nilitaka achukie, yeye akacheka, kisha akanieleza kwa nusu saa nzima, nikajikuta nimesimama jikoni makande yanaungua.

Alinieleza hivi. Mwilini mna seli za ulinzi zenye mikono mingi, zinakaa ngozini, puani, tumboni, popote mdudu anapoweza kupenya. Seli ikiwa changa kazi yake ni kunywa na kumeza. Haichagui, inaonja kila kinachopita. Siku ikionja kitu chenye dalili ya hatari, kipande cha mdudu tuseme, inaanza kukomaa. Kwanza inameza kwa pupa, kwa muda mfupi. Halafu inafunga midomo yake karibu yote. Inaachia pale ilipokaa, inasafiri mpaka kwenye matezi, yale yanayovimba na kuitwa mtoki ukiwa na kidonda mguuni, na huko inawaonyesha askari wengine ilichobeba.

"Sasa kwa nini ifunge mdomo?" nikamwuliza. "Si ingeendelea tu kula?"

"Ingeendelea kumeza kila kitu njiani, wifi, ingefika imechanganya habari. Inafunga ili ilichomeza kwanza kisipotee. Haikitupi. Inakishika mpaka ikionyeshe."

Kazi yao pale Moshi ilikuwa kujua mdomo unafungwa saa ngapi na unafungwa na nini. Alisema mtu akilijua hilo vizuri, anaweza kutengeneza chanjo inayofika wakati mlango uko wazi. Walichukua damu ya watu waliojitolea, wakazilea seli siku sita katika kabati la joto, wakazipa sukari yenye rangi inayong'aa, kisha mashine inahesabu zipi zimeng'aa. Iliyong'aa imemeza, isiyong'aa haikumeza.

Zake zilikuwa hazing'ai. Hilo ndilo lililomtesa mwaka mzima. Seli changa, siku ya sita, zilizopaswa kuwa na njaa ya kumeza dunia, zake zilikuwa zimeshakomaa na kufunga. Anamwaga, anaanza upya. Siku sita tena. Hezroni aliposikia akasema Mpare ukimkatalia kitu hivyo anakwenda kufungua kesi, sasa Irine atazishtaki wapi hizo seli. Tulicheka, lakini Irine hakucheka.

Hakucheka kwa sababu wakati huohuo mama alikuwa anasahau.

Ilianza na chumvi. Makande yakatiwa chumvi mara mbili, kisha mara tatu. Baadaye akapotea njia ya kwenda shamba la tangawizi, njia aliyoitembea miaka hamsini. Baadaye akaanza kupoteza watu, na aliwapoteza kwa mpangilio, wa mwisho kuja ndiye wa kwanza kwenda. Alitangulia Blessing, mjukuu wake, binti yangu, kisha nikafuata mimi. Asubuhi moja nilimpelekea uji akanipokea vizuri, akauliza, "Dada, na wewe kwenu wapi?" Nikamwambia Bendera. Akasema pole, kule kuna joto. Nilikwenda nyuma ya nyumba nikalia, kwa sababu yule mama aliyenisimanga miaka yote kwa ungo nilikuwa nimeshampenda bila kujua.

Baada yangu walibaki Hezroni na Irine. Irine kule akawa anapiga simu kila jioni.

"Leo amenitaja?"

"Amekutaja. Amesema utaleta sabuni."

"Alisema Irine? Kwa jina?"

"Kwa jina."

Nasikia magari ya Moshi yanapita. Siku moja akaniambia wazi, bila kuzunguka. "Wifi, mimi sitaki kitu kingine. Nataka nikae mbele yake aniite Irine. Mara moja tu. Halafu hata akisahau, asahau."

"Basi njoo."

"Seli zikikubali tu nakuja. Mimi ndiye ninayezilea, nikiondoka siku mbili zinakufa, na mradi unaisha Desemba. Zikikubali, Daktari Nicolaus, bosi wangu, amesema nipumzike hata mwezi."

Hapo nilipandisha hasira. Nilimwambia mama yake anazidi kusahau kila wiki na yeye anahesabu siku za vitu visivyoonekana. Nilimwambia maneno mengine pia ambayo sitayarudia hapa. Akakata simu, na kesho yake jioni akapiga kama kawaida akauliza kama ametajwa.

Mwezi wa pili nilimpeleka mama hospitali Moshi, maana hospitali ya Same walitupa barua ya kwenda huko. Tulishuka kwa gari la Noah asubuhi, Same tukapata basi, mama amekaa dirishani ametulia anahesabu mashamba ya mkonge. Irine alitoka kazini mbio kuja kutupokea, hata koti jeupe hakulivua, miwani usoni. Alimkimbilia mama yake. Mama akarudi hatua moja nyuma, akainamisha kichwa kwa adabu, akasema, "Shikamoo, daktari."

Nimeona mambo katika maisha yangu, lakini uso wa wifi yangu pale stendi sitausahau. Hawezi kusema marahaba kwa mama yake mzazi. Hawezi pia kunyamaza, mzee ameshaamkia na anangoja. Mwishoni akapiga magoti palepale kwenye vumbi, akashika mikono ya mama, akasema, "Shikamoo, mama." Mama akaitika marahaba, akaniuliza pembeni kama madaktari wa siku hizi wote wana adabu hivi.

Tulikaa kwa Irine wiki nzima. Mama hakumwita jina hata siku moja. Daktari wa hospitali alituambia ugeni unawachanganya zaidi wazee wa namna hii, akiwa kwake katikati ya vitu vyake huenda akakumbuka. Irine alilishika neno hilo kwa mikono miwili. Nikamsikia analirudia jikoni peke yake, akiwa kwake, akiwa kwake.

Siku ya nne mama alilala mchana, jirani akabaki naye, nikamfuata Irine kazini ili angalau nizione hizo seli zilizotunyima amani. Ndani hawaniruhusu, nikaambiwa nikae upande wa pili wa kioo. Daktari Nicolaus, mtu mpole mwenye mvi za mapema, akanionyesha kwenye kompyuta. Kweli, vitu vidogo vyenye mikono, vimekaa vimeshikamana katika vichaka vidogovidogo. Akasema hapo ni siku ya tatu na zinaendelea vizuri, shida huja baadaye.

Nikageuka kumtazama wifi. Alikuwa amefungua kabati la joto, ametoa sahani ya plastiki yenye vishimo, ameishusha usawa wa tumbo. Akaizungusha polepole kuelekea kulia. Mara moja, mara mbili, mara tatu. Akagonga ukingo kwa kidole gumba. Kisha akaiweka kwenye hadubini kuitazama.

Nilisimama. Miaka kumi na miwili nimesimangwa kwa mzunguko ule, nitaacha kuujua?

"Daktari," nikasema, "mnawafundisha kufanya hivyo?"

"Kufanya nini?"

"Kupepeta. Wifi yangu anazipepeta."

Alinitazama kama mtu asiyesikia vizuri. Nikamwonyesha kwa mikono yangu mitupu, vibaya kama kawaida yangu, lakini alielewa. Akagonga kioo, akamwambia Irine arudie alichofanya. Irine akashangaa, akasema hajafanya kitu, ameangalia tu. Hakuwa na habari. Mkono ulikuwa unakwenda wenyewe, kila siku, kila sahani, mwaka mzima, na kwa kuwa alifanya kazi peke yake kwenye chumba kile hakuna aliyewahi kumwona.

Walifanya jaribio bila kuchelewa. Damu ya mtu mmoja, sahani mbili. Moja Irine ataishika kama alivyozoea, nyingine mwenzake ataitoa na kuirudisha bila kuitikisa hata kidogo. Sisi tulishaondoka majibu yalipotoka, nikayapata kwa simu nikiwa nakamua ng'ombe. Sahani iliyotulia iling'aa kama mji usiku. Iliyopepetwa ilikuwa giza.

"Unajua ilikuwa nini?" akaniuliza Irine. "Zinakaa zimeshikana, wifi, vile vichaka ulivyoviona. Nikizungusha navivunja. Seli ikiachanishwa na wenzake kwa nguvu inadhani saa imefika, inakomaa. Inafunga mdomo kabla sijaipa kitu. Imefunga na ndani haina cha kubeba."

Nilifurahi kwa ajili yake, kisha nikaona analia. Nikamwuliza sasa unalilia nini na zimekubali. Akasema mwaka wote ule hakuja nyumbani kwa sababu ya mkono aliopewa na mama. Nilimwambia tu ng'ombe ananipiga teke, nitampigia baadaye.

Basi akaanza kuufundisha mkono upya. Si kazi ndogo. Wenzake walibandika karatasi juu ya kabati imeandikwa USIPEPETE kwa kalamu nyekundu. Alijizoesha kuegemeza viwiko mezani, kubeba sahani kama mtu aliyebeba uji wa mgonjwa uliojaa mpaka pomoni. Hata nyumbani alibeba kikombe cha chai hivyo. Ilimchukua Machi, Aprili, Mei. Mwezi wa sita alisema hata akitaka kuzungusha hawezi tena, mkono umetulia tuli. Seli zikawa zinameza, zinakomaa kwa saa yake, zinafunga kwa saa yake, na Daktari Nicolaus akamwandikia likizo.

Alifika Agosti, tumeshavuna maharage. Mama alikuwa barazani anaota jua, masweta mawili juu ya kitenge, maana Myamba mwezi huo si mchezo. Irine hakuvaa miwani. Alikuwa amefunga kitambaa kichwani kama alivyofunga akiwa msichana, nilijua amekifikiria njia nzima. Akapiga magoti.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu." Kisha akageuka kwangu. "Mpeni mgeni kiti."

Siku hiyo alijaribu picha. Ya kipaimara, ya shule, ya marehemu baba yao na baiskeli. Mama alizisifu zote. Siku ya pili akapika makande kwa mikono yake, akaimba nyimbo za kanisani, akataja majina ya majirani mmojammoja. Mama akala, akashukuru, akamwambia aliyemlea amemlea vizuri. Kila neno zuri lilimkata wifi yangu, nikawa namwona anakonda mbele ya macho yangu. Jioni akaniambia, "Nimechelewa, Ikupa." Hakuniita wifi. Sikubisha, maana nami niliona amechelewa.

Siku ya tatu sikuwa na mpango wowote, watu wakisema nilipanga si kweli. Nilikuwa na debe la maharage ya kupepeta na Blessing hana sare safi ya shule. Nikamwekea Irine ungo mapajani nikamwambia, "Wewe ndiye fundi, nisaidie, mimi nafua." Nikakaa na beseni langu hatua chache kutoka barazani.

Akarusha mara mbili. Makapi yakaruka vizuri. Akaushusha ungo usawa wa tumbo, na hapo mkono ukagoma. Ungo ukakaa umetulia mikononi mwake, viwiko vimebana mbavu, maharage hayatikisiki hata moja. Akaitazama mikono yake. Akanitazama mimi. Niliogopa, kwa kweli niliogopa. Mama naye alikuwa ameshaugeuzia uso ule ungo, anangoja, jinsi alivyokuwa anangoja kwangu mwaka ule wa kwanza.

"Zungusha," nikamwambia taratibu.

"Hauendi."

"Achia viwiko."

Akafumba macho. Akaachia viwiko. Mzunguko wa kwanza ulikwenda kombo, kama wa kwangu kabisa, nusura maharage yamwagike. Akarusha tena, akaanza upya. Moja. Mbili. Wa tatu ukaja laini, nikausikia kabla sijauona, ule mchakacho wa maharage yanayokwenda pamoja. Kidole gumba kikagonga ukingo.

Mama akajongeza kiti chake. Irine akamaliza ungo wa kwanza, akamimina wa pili. Mama alikuwa anafuata kwa macho, na mikono yake mwenyewe ilianza kwenda mapajani, mitupu, mizunguko mitatu na kidole gumba. Nikakumbuka ile seli iliyofunga mdomo. Mwaka mzima hakuna jipya lililoingia kwa mama, hata mimi sikuingia, lakini hili alikuwa nalo.

"Nani alikufundisha?" akauliza.

"Mama yangu."

"Alikufundisha vizuri." Akaokota takataka katikati ya ungo kwa vidole viwili, akazitupa uani. "Ninaye binti anapepeta hivyohivyo. Anaitwa Irine."

Nguo ikanidondoka ndani ya maji. Irine aliinamisha kichwa, machozi yakaanguka kwenye maharage, ungo haukusimama.

"Irine yuko wapi, mama?"

"Yuko Moshi, anafanya kazi na madaktari. Wewe si umetoka huko?"

"Nimetoka huko."

"Basi ukirudi umtafute. Mwambie mama yake hajamsahau. Mwambie aje."

"Nitamwambia," akasema Irine.

Walipepeta debe zima, wawili kwenye ungo mmoja, mpaka jua likaondoka barazani. Siku zilizobaki hazikuleta zaidi ya hapo, na Irine hakuomba zaidi. Asubuhi ya kuondoka, Hezroni ameshabeba begi barabarani, mama alituzuia mlangoni. Alikuwa amefunga maharage kwenye kitambaa, kama kilo mbili, yamepepetwa safi kabisa.

"Haya si yako," akamwambia Irine, akimwekea mikononi. "Ni ya Irine. Usiyale njiani."

Irine akayapokea kwa mikono miwili, akapiga goti, akasema yatamfikia.